Hodi Kabla ya Mlio

Kwa miaka mingi nimekula kwa mikono inayonuka mazuti, yaani dizeli. Ninatengeneza groupe, zile mashine za umeme zinazonguruma nyuma ya kila duka la Bunia, na nikisikia moja inakohoa upande wa pili wa barabara, najua kabla ya mwenyewe kujua kwamba Jumapili nitaonja nyama. Ndipo wakaja watu wa mradi na habari kwamba jua la bure linaweza kuyatenganisha maji, yakatoa hidrojeni, na hidrojeni ikawasha taa bila moshi wala makelele. Hidrojeni ya kijani, walisema, nishati ya kesho. Asubuhi ileile nilikwenda kujiandikisha kwenye mafunzo. Nilijiambia: kama wanachimba kaburi la groupe, basi angalau nilipwe kushika sepetu.

Hiyo ndiyo sababu niliyowapa watu. Sababu yenyewe inaitwa Fanny. Mke wangu alikuwa Ariwara na binti yetu Mireille, akiuza vitenge vinavyovuka mpaka. Aliondoka Bunia wakati njia ya Djugu ilipochafuka kwa mapigano, na ilipotulia hakurudi, kwa sababu ilitulia kama mgonjwa anavyotulia, yaani hakuna anayethubutu kutoka nje ya chumba. Siku moja aliniambia kwa simu, bila hasira yoyote, na hilo ndilo lililoniuma: "Papa Mireille, siku utapata kazi ya mwezi, kazi yenye haingoje groupe ya mutu iharibike, tutarudi. Mbele ya ile, hapana."

Mradi ulitaka kufundisha watu sita, kisha kuwaajiri wawili wa kuangalia mtambo mdogo ambao ungefungwa kwenye kituo kimoja cha afya. Kazi ya mwezi. Kwa hiyo ukinikuta pale darasani na umri wangu huu, nimekunja magoti kwenye kiti cha plastiki kama mtoto wa katekisimu, ujue kwamba sikuwa nafikiria kuokoa anga. Nilikuwa nafikiria sahani tatu mezani.

Darasa lilikuwa nyumba ya kukodi mtaani Saio, panneau za jua juu ya bati, na ndani meza yenye mitungi ya vioo, mirija na waya. Mwalimu wetu aliitwa Gaspard, kijana mpole kutoka Lubumbashi, aliyepiga pasi mpaka mikono ya shati. Sisi tulicheka Kiswahili chake, yeye akacheka chetu, na hivyo tukawa tumefahamiana.

Hidrojeni, alitufundisha, haina rangi wala harufu. Moto wake wenyewe mchana hauonekani. Utajuaje basi kama unayo? Unakusanya kidogo kwenye kijichupa chembamba cha kioo ulichokipindua, unakisogezea kiberiti mdomoni. Kama gesi imechanganyika na hewa, inalia. Kama ni safi, haina ugomvi na mtu, inawaka kimya, puf, kama mtu anayezima mshumaa. Kwa hiyo fundi mzuri kwanza anaiacha gesi isafishe njia, itoe hewa yote iliyokuwa imelala kwenye mirija, ndipo anawasha.

Gaspard alitaka tusisahau tofauti hiyo. Akachukua chupa ya soda, akaijaza gesi na hewa kwa makusudi, akaiweka chini kwenye mlango wa uani, akafunga kiberiti kwenye ncha ya mti mrefu. "Musikilize vizuri," alisema, anatabasamu.

Ikalia.

Labda Lubumbashi wangepiga makofi. Alipogeuka kutafuta nyuso za wanafunzi wake, alikuta migongo. Wote tulikuwa sakafuni, halafu hatukuwa sakafuni tena. Mwenzetu Yves alitoka dirishani, na mlango ulikuwa wazi. Mtaa mzima ulikuwa barabarani, akina mama na vitoto mgongoni, muuza mkaa amesahau mkaa. Hakuna aliyeuliza ni nini. Katika mji wetu swali hilo huulizwa ukishafika mbali.

Nami nilitoka. Nilifika katikati ya uwanja, na hapo ndipo nikaona jambo. Yves alikuwa amekwenda kwa mkewe mwenye mimba. Élisée alikimbilia sokoni kwa mama yake. Camille na Annie walielekea shuleni kuchukua watoto, Adeline kwa shangazi yake mgonjwa. Hata Gaspard, ambaye alikuwa hajaelewa kwa nini tunakimbia, alishatoa simu na alikuwa anamwita dada yake huko Lubumbashi. Kila mtu alikimbilia mtu. Miguu yangu ilikuwa tayari kabisa, lakini haikuwa na pa kunipeleka. Basi nikasimama.

Ndivyo alivyonikuta chef, mkuu wa mtaa, Mzee Vital, alipofika anahema na koti limevaliwa ndani nje.

"Ni weye ulipiga?"

"Hapana, chef. Ni chupa."

"Chupa ya nini?"

"Ya maji. Ile maji tulitoa gesi ndani, gesi tukaichanganya na hewa, tukawasha."

Akaninusa. Hakupata pombe, akakasirika zaidi. Lakini Gaspard akaja, akaomba msamaha kwa heshima zote, akaonyesha karatasi za mradi, na mwishoni Mzee Vital akatoa hukumu yake. Hatafunga mafunzo. Ila kabla ya kila mlio, mtu apite kwenye nyumba zote zinazozunguka, abishe hodi, aseme leo kutalia nini na saa ngapi, na asiondoke mpaka ajibiwe. Nyumba ambayo haijajibu ni nyumba ambayo haijasikia.

"Na ni nani atapita?" aliuliza Gaspard.

Mzee Vital akaninyooshea kidole. "Huyu. Huyu njo mwenye hakukimbia. Iko na roho nguvu."

Sikumsahihisha. Sifa hazinijii kila siku.

Ndivyo nilivyokuwa mpiga hodi wa Saio. Kila siku ya majaribio nilipita nyumba kwa nyumba. Mahali pengine walinijibu kwa mkono bila kuacha kufua. Watoto walinifuata wakiniuliza kama ninaweza kuliza kubwa. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Anastasie, ukuta wake umegusana na wetu. Niliiweka ya mwisho kwa sababu ya jiografia, nilivyomwambia Gaspard.

Siku ya chupa Mama Anastasie alikimbia bila viatu, sufuria mkononi, mpaka miguu ikamkatalia akakaa ndani ya mtaro wa barabara huku wengine wakimpita. Alikaa humo mpaka mtu akakumbuka kumwinua. Ana tension, yaani damu inayopanda, na alikuwa peke yake. Watoto wake walitawanyika, na wale ambao hawakutawanyika wamezikwa Djugu. Niliposikia habari ya mtaro nilikwenda kuomba msamaha nimejiandaa kutukanwa. Akanitazama toka juu hadi chini.

"Basi njo weye Papa Makelele."

"Njo miye, mama."

"Niliwaza utakuwa mukubwa."

Tangu siku hiyo ikawa desturi yetu.

"Hodi, mama. Leo tutaliza kidogo mbele ya saa sita."

"Kidogo namna gani?"

"Sawa mutoto ya imbwa."

"Imbwa ya nani?"

"Ya masikini. Haina nguvu."

"Aya, mulize. Aksanti kwa kunipasha. Na weye ulikula nini?"

"Nilikunywa chai."

"Sikuuliza ulikunywa nini."

Kisha ananipa kiazi, au bugali wa jana uliopashwa moto, na mimi ninakula nimesimama mlangoni nikisema ninachelewa, bila kuchelewa. Akiniuliza habari za mke, ninamwambia yuko Ariwara anatajirika, karibu ataninunua. Alicheka mara ya kwanza. Mara ya pili hakucheka, aliongeza kiazi.

Nyumbani kwangu nilikuwa na groupe ya mteja aliyehama bila kurudi kuichukua. Jioni nilikuwa ninaiwasha dakika chache, haijaunganishwa hata na taa moja, ili pawe na mtu anakohoa. Mtu anayesoma nishati ya kimya, na kimya chenyewe kinamshinda. Mnaweza kucheka, mimi nilikwisha kucheka.

Mtihani ulikuja mwisho wa msimu wa mvua. Mradi ulimtuma Madame Suzanne kutoka Kinshasa, mzaliwa wa Kindu, mwanamke wa maneno machache na viatu vya kazi. Alieleza mambo wazi: kila mmoja aendeshe mtambo mwenyewe, akaushe gesi, asafishe njia, akusanye, awashe mbele yake. Ikiwaka kimya, alama zote. Ikilia, alama zinapungua lakini zinatosha, kwa kuwa mlio nao unathibitisha hidrojeni. Isipowashwa, hakuna cha kuandika.

Alhamisi nilipiga hodi nyumba zote, Mama Anastasie akanitakia heri na akanionya nisimwaibishe. Wenzangu watano wakafanya. Ya Yves ililia, ya Annie ikalia zaidi, ya Élisée ikatoa kikohozi. Zamu yangu ilipofika, wingu likafunika Saio kama blanketi. Panneau bila jua ni meza tu iliyopotea njia. Tukangoja, mvua ikanyesha, Madame Suzanne akatazama saa.

"Kesho asubuhi," aliniambia. "Ndege yangu ni mchana. Fika mapema, Bwana Katsuva."

Jioni ile zikaja habari kwamba kwenye njia ya Bambu zimesikika risasi. Wengine walisema ni wachimba dhahabu wanaogombana, wengine wakasema si hao. Hakuna aliyejua, na kutojua huko ndiko kunakolaza watu na nguo za nje.

Ijumaa nilipita tena na hodi zangu. Wote walijibu, kwa sauti za watu ambao hawakulala. Nikafika kwa Mama Anastasie.

"Hodi, mama."

Kimya.

"Mama Anastasie, ni miye, Papa Makelele. Leo ni ya mwisho."

Mlango umefungwa, dirisha limefungwa, na nje hakuna kufuli. Kufuli isipokuwa nje, mwenyewe yuko ndani, kila mtu Saio anajua hivyo. Nami nilijua tabia yake: akisikia habari za risasi anajifungia, anakaa chini kando ya kitanda, hajibu hata kasisi. Nikagonga tena. Nikaziambia mbao za mlango kwamba itakuwa mtoto wa imbwa tu, wa masikini. Mbao hazikuniuliza nilikula nini.

Ndani, Madame Suzanne alikuwa ameketi na karatasi zake, begi mlangoni. Nikafungua mtambo. Jua lilikuwepo, lakini jembamba, la kupimwa kwa kijiko. Vipovu vilipanda kwenye kioo kimoja kimoja, kama vinaulizana nani atangulie. Njia ilikuwa bado na hewa. Nilikusanya kidogo, nikatazama, nikaiachia itoke. Nikangoja. Nikaiachia tena.

Gaspard akasogea nyuma yangu. "Washa," alinong'ona. "Italia, si kitu. Alama zinatosha."

"Mama Anastasie hakujibu."

"Nani?"

"Jirani. Hakujibu hodi."

Aliniangalia, kisha, na hapa lazima nimpe heshima yake, alitoka mwenyewe akaenda kugonga. Wenzangu walikwisha kufanya mtihani wao, hakuna hata mmoja aliyekuja siku hiyo, na mimi nisingeweza kuuacha mtambo. Nilisikia mapigo yake kupitia ukuta. Alirudi anatikisa kichwa.

"Haiko mutu."

"Iko. Kufuli haiko inje. Amejificha, ana woga ya habari ya jana. Nikiliza sasa, atakufa na tension pale chini ya kitanda."

"Papa Mireille, gari ya madame inakuja."

"Basi nangoja iwe safi. Ikiwa safi hailie."

Na hapo nilimwona Fanny wazi kuliko vipovu, amekaa kwenye marobota yake ya vitenge, simu pajani. Kiberiti kilikuwa mkononi. Kuna siku mkono wangu ungekuwa mwepesi zaidi, najijua. Lakini nilikuwa nimekwisha kumwona mama yule ndani ya mtaro, ingawa sikuwepo alipokaa humo. Nilimwona kila nilipogonga mlango wake. Yeye pia alikuwa mtu wa mlio ule ambaye miguu yake haikuwa na pa kumpeleka.

Gari likapiga honi nje. Madame Suzanne akasimama.

"Bwana Katsuva, umefanya kila kitu vizuri mpaka hapa. Kwa nini huwashi?"

"Kuna jirani bado hajapashwa habari, madame. Ni sheria ya chef. Unipe dakika chache, itakuwa safi."

Alitazama saa, akatazama vipovu vyangu vivivu, akatazama karatasi yake kwa muda mrefu, kama anatafuta mahali. "Jambo hilo halina sehemu hapa," alisema polepole. "Na siwezi kuandika nisichokiona. Nitaandika umeahirishwa, kipindi kijacho."

"Kipindi kijacho ni lini?"

"Mradi utasema."

Alinipa mkono, mkono mzima, si wa vidole. Gaspard alibeba begi lake. Mlangoni akanigeukia, akaniambia nifunge mtambo na niache ufunguo kwa mlinzi, kisha akapanda naye, gari likashuka kuelekea uwanja wa ndege.

Kisha jua likatoka, bila aibu hata kidogo, kama mgeni anayesubiri sahani ziondolewe ndipo aingie. Vipovu vikaanza kukimbizana. Sikufunga. Niliiacha gesi isafishe njia mpaka moyo uliporidhika, nikafunga bomba, nikachukua kijichupa kilichojaa, nikasogea kando, nikawasha kiberiti.

Puf.

Hata nzi aliyekuwa mezani hakuondoka. Ndani ya kioo ulibaki ukungu mwembamba wa maji: maji tuliyoyatenganisha asubuhi yalikuwa yamerudiana. Ilikuwa gesi safi kuliko yote iliyowahi kutoka kwenye nyumba ile, na ninasema hivyo bila kuapa kwa kuwa hakuna wa kunibishia. Niligeuka na kioo mkononi nimwonyeshe mtu. Viti sita vya plastiki vilikuwa vinanitazama.

Nilifunga mtambo, nikatoa ufunguo, nikaenda kukaa kwenye kizingiti cha Mama Anastasie. Sikuwa na hodi ya kupiga. Nilitaka tu kumwambia kupitia mbao kwamba imekwisha, atoke. Nilikuwa katikati ya kumwambia hivyo aliposema nyuma yangu:

"Unaongea na nani, Papa Makelele?"

Alikuwa barabarani, kitenge cha kanisani kiunoni, mboga za lenga-lenga kwenye kikapu.

"Mama, uko inje?"

"Niko inje tangu asubui. Tulikuwa na misa ya marehemu Domitille. Kwani unaona niko ndani?"

"Na kufuli?"

"Iko nyuma. Mulango ya mbele imekataa tangu mvua ya jana, mbao imevimba. Nilitokea ya nyuma." Akasogea, akaniangalia uso. "Juu ya nini unauliza kufuli?"

Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nimewahi kupoteza groupe kwa askari, baiskeli kwa rafiki, na mke kwa Ariwara, lakini ilikuwa mara ya kwanza ninapoteza kazi kwa kulinda nyumba tupu. Yeye hakucheka. Aliweka kikapu chini.

"Examen ilikuwa namna gani?"

"Ilienda kimya, mama."

"Walikupatia kazi?"

"Bado."

"Bado ya namna gani?"

Aliutazama mlango wake, akanitazama mimi, akautazama mlango tena.

"Ulinigongea."

"Nilikugongea."

"Na sikujibu."

"Haukujibu."

Mwishowe akasema, "Mupumbavu weye," kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na akazunguka nyuma kufungua nyumba. Aliniita niingie. Ilikuwa mara ya kwanza ninakula kwake nimekaa.

Fanny nilimpigia kutoka kwenye benchi la Mama Anastasie, kwa kuwa mtandao hapo ni mzuri, nilivyomwambia. Nilimweleza umeahirishwa. Nilimweleza na sababu. Nikasikia nyuma yake soko la Ariwara na watu wanaobishana kuhusu kipande cha kitambaa. Nikangoja aniulize kama nimerogwa.

"Na ile mama iko muzima?" aliuliza.

"Muzima. Iko inachambua lenga-lenga."

"Aya," alisema Fanny. "Mireille anakusalimia." Na hakukata haraka.

Wiki iliyofuata kazi wakapewa Yves na Élisée. Mtambo ukahamishwa, panneau zikashushwa kutoka juu ya bati, Gaspard akarudi kwao akiwa amejifunza kusema Kiswahili cha watu. Nilirudi kwenye groupe zangu. Siku walipobeba meza ya mwisho, Mama Anastasie alikuwa amesimama mlangoni kwake anatazama.

"Kesho utapita saa ngapi?" aliniuliza.

"Kesho sipite, mama. Formation ya mradi imekwisha. Hakuna tena makelele ya kutangaza."

"Upite tu."

"Nitasema nini?"

"Useme hakuna."

Nilidhani ni mzaha, na asubuhi yake sikukusudia kwenda. Lakini miguu ilikuwa imekwisha kujua njia. Nilikuta mlango wa mbele umepigwa randa, kufuli mpya inaning'inia wazi upande wa nje ili nisikosee.

"Hodi, mama. Leo hakuna kitu."

Ndani kitanda kikalia, kikombe kikawekwa chini.

"Hata kidogo?"

"Hata sawa mutoto ya imbwa."

"Aksanti kwa kunipasha," alisema Mama Anastasie. "Na weye ulikula nini?"